Mifupa Tisa Haitoshi Supu

Chumba namba 14,
Nyuma ya karakana ya makumbusho,
S.L.P. 618.

Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nimesikia kwamba bado unasimama buchani kwa mwanao kutwa nzima ukiwaelekeza watu kazi uliyokwisha kustaafu. Goti linaendeleaje? La kulia najua ni lile lile, nauliza la kushoto. Na macho je? Nimeandika herufi kubwa makusudi ili usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Sababu utaiona huko mbele.

Sisi huku wazima. Mimi mafua tu, ya vumbi la plasta. Yananiacha siku mbili kisha yanarudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Dada naye hajambo. Amehamia chumba cha mbele, kile chenye madirisha mawili, na mimi nimebaki na cha nyuma chenye dirisha moja, ingawa anayechora hapa nyumbani ni mimi. Paa lilikuwa linavuja sehemu nne, zimezibwa tatu. Ya nne iko juu ya kitanda changu. Silalamiki, nakupa habari.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha chini kuandika.

Ile barua uliyomwandikia Dada mwezi wa kumi na mbili, alitusomea mezani. Tulikuwa watu sita. Alipofika pale ulipouliza habari za kazi yangu, akaona utamu, akarudia: "Mwambie mpwa wangu, mnyama wa mifupa tisa si mnyama. Mifupa tisa haitoshi hata supu." Walicheka wote. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje kupunga upepo. Tangu siku hiyo nikifungua mlango jioni naulizwa, "Haya, supu imeiva?" Leo ni wiki ya kumi na mbili. Nahesabu.

Basi leo nakujibu, Mjomba, kwa utaratibu kama ulivyonifundisha, kiungo kwa kiungo.

Kwanza, hesabu yako ni sahihi. Dinosaria mla nyama wa ukubwa huo alikuwa na mifupa karibu mia tatu, na sisi tulikuwa na tisa. Hiyo ni mitatu katika kila mia. Yule mkubwa ambaye watoto wote wanamjua, anayechapishwa kwenye fulana na majalada ya madaftari, hanihitaji. Wachoraji wake wamejaa. Mimi napewa hawa ambao hakuna anayewajua, wasio na jina bado, wenye namba ya sanduku tu. Huyu karakanani tulimwita Vipande.

Tulikuwa na nini? Kipande cha taya la juu chenye matundu manne ya meno na jino moja lililobaki. Pingili mbili za shingo na moja ya mkia. Nusu ya nyonga. Nusu ya chini ya mfupa wa paja. Muundi mzima, ule mfupa wa chini ya goti. Mfupa mmoja wa kidole cha mguu, na ukucha. Vyote vimegeuka jiwe, vizito kuliko unavyodhani ukiviangalia, vyenye rangi ya tofali lililoungua.

Nachoraje kwa hivyo? Nilivyonavyo navipima na kuvichora kwa wino mweusi. Visivyokuwepo naazima kwa ndugu zake, wale ambao mifupa yao ilipatikana mingi zaidi; navikuza au kuvipunguza kwa hesabu, na kuvichora kwa penseli. Baada ya hapo ndiyo nyama, na hapo hakuna wa kunisaidia ila wewe. Wenzangu wanavisha ngozi juu ya mifupa kama wanafunika kiti. Mimi najua nyama inashika wapi, inapita wapi, na inaishia wapi kuwa mshipa mgumu usiotafunika. Halafu rangi. Rangi hakuna ajuaye, kwa hiyo nachagua ya matope na sijidai. Nyasi sichori kabisa. Daktari anasema zilikuwa hazijaota duniani.

Huyo Daktari hatibu watu. Ni mtaalamu wa mifupa ya kale, ndiye mkuu wetu. Amesoma miaka mingi na anaijua kazi yake, siwezi kumsingizia. Ila na yeye ana ugonjwa wa kudhani kwamba asiyekwenda chuoni alikuwa amelala.

Sasa sikiliza. Mwaka jana iliamuliwa Vipande achorwe ukutani kwenye ukumbi mkubwa, kwa ukubwa wake halisi, mita tano na sentimita sitini toka pua hadi ncha ya mkia. Nilikubali kwa sharti moja. Michoro yangu mitatu iliyotangulia ilichapishwa kitabuni na chini yake pameandikwa "Mchoro: makumbusho". Makumbusho hayana mkono, Mjomba. Nikasema huu wa nne utakuwa na jina langu, ukutani, kwa rangi. Mkurugenzi akakubali kwa maandishi. Karatasi yake iko kwenye droo yangu, na ufunguo wa droo uko shingoni mwangu.

Nikaanza. Kichwa kikaenda, shingo ikaenda, nyonga ikakaa. Nilipofika mguuni, ukagoma.

Nilipima upana wa paja pale kwenye goti: sentimita kumi na moja na pointi mbili. Kichwa cha muundi: nane na pointi sita. Nikapima tena asubuhi yake, na tena Jumatatu. Ni vile vile. Nikasema labda ni gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, maana gegedu haligeuki jiwe, linaoza na kuacha nafasi. Nikafinyanga gegedu la udongo kwa unene uleule wa goti la ng'ombe ulionionyesha, nikalipachika katikati ya nakala za plasta, nikaufunga mguu mzima kwa kamba na kuuning'iniza kwenye boriti ya karakana. Ungeuona ungetupa kisu. Nyonga ilitakiwa kuwa mita moja na arobaini na nane toka chini, ikaja moja na thelathini na tano, na mnyama mzima akawa kama mtu mzima aliyeketi kwenye kiti cha shule ya watoto.

Nikamwita Daktari.

"Daktari, goti hili haliingii."

"Haliingii kwako au kwa mnyama?"

"Kwa mnyama. Muundi ni mdogo."

"Umekaa chini ya mwamba mamilioni ya miaka. Umekandamizwa."

"Ukikandamizwa unakuwa bapa. Unapungua huku, unatanuka huku. Huu umepungua kote."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Dada yangu, wewe ni mchoraji. Chora."

Halafu akaondoka na kuniacha na mguu unaning'inia.

Nimechanganya rangi tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu, lakini neno hilo sijawahi kulisikia likisemwa hivyo, kama mtu anayekuonyesha mlango wa nyuma. Nilikuwa na wiki tatu kabla ya ukumbi kufunguliwa. Nikaweka brashi ndani ya maji na sikuigusa siku nne.

Fundi wa plasta, mtu mwema lakini mvivu wa roho, akanishauri. "Chora tu, mama. Mtu akiona yale meno, goti ataliangalia saa ngapi?"

Nikamwambia, "Mjomba wangu ataangalia goti."

"Mjomba wako yuko wapi?"

"Mbali."

"Sasa?"

"Sasa ataangalia goti."

Huo ndio ukweli, na ndiyo maana supu yako iliniuma. Jina langu lingekaa ukutani kwa mara ya kwanza, chini ya mguu ambao wewe ungeutambua toka mlangoni kwamba umeungwa na mtu asiyejua kazi. Ningeweza kuuficha. Ningemsimamisha Vipande ndani ya maji hadi mapajani, watu wakasifia maji. Nilifikiria hilo kwa siku moja nzima, nakiri. Lakini nilikumbuka ulivyonipa shoka nikiwa na miaka kumi na mbili na kusema, "Usipige kwanza. Tafuta kiungo kilipo." Wiki nzima ukanifunga macho kwa kitambaa, nikawa natafuta magoti ya mbuzi kwa vidole, na kila nikikosea unanipiga kofi la mkononi. Kaka alikuwa shuleni wakati huo. Hilo tumelisema zamani, silirudii.

Siku ya tano nikaacha kubishana na mfupa, nikaenda kuangalia ulikotoka.

Mifupa hii ilichimbwa miaka arobaini iliyopita, ikafungwa kwa plasta na kutiwa kwenye masanduku yenye namba. Minane ilitoka sanduku la ishirini na saba na la ishirini na nane. Muundi nilipougeuza, chini kabisa, kwa maandishi yaliyofifia, nikakuta thelathini na moja. Rafu ya masanduku hayo nikaiona ina mbao za kiraka. Nikamtafuta Seremala, ambaye yupo hapa kabla ya Daktari, kabla ya Mkurugenzi, na nadhani kabla ya jengo.

"Babu, rafu hii ilivunjika lini?"

"Miaka kumi na mmoja sasa. Niliitengeneza mimi. Haijatikisika tena."

"Na mifupa uliirudishaje?"

"Vizuri sana. Niliipanga kwa rangi. Myeusi na myeusi, myekundu na myekundu. Ilikuwa imekaa ovyo, namba zimerukaruka. Nikaona niipendezeshe."

Akaniangalia akisubiri sifa. Mjomba, nilimpa. Alikuwa ameipanga kwa unadhifu ambao sijawahi kuuona, na kwa miaka kumi na mmoja kila msomi aliyepita hapo ameikuta rafu nzuri na kuiamini.

Nikachukua daftari la wachimbaji. Sanduku la thelathini na moja lilitoka kwenye mwamba uleule, lakini hatua sitini na mbili upande wa pili wa bonde.

Nikaviweka vyote juu ya meza ya Daktari: namba, daftari, vipimo vyangu mara tatu. Alisoma mara ya kwanza haraka na mara ya pili polepole. Kisha akaagiza mfupa wa paja na muundi ukatwe kila mmoja kipande chembamba kama karatasi, maana mifupa ina mapete ya umri ndani yake kama shina la mti. Hilo sikulijua. Sifichi nisilolijua.

Majibu yalikuja siku tisa kabla ya ufunguzi. Paja lina mapete kumi na sita. Muundi una manne.

Daktari alikuja mwenyewe mpaka karakanani, akasimama mlangoni. "Ni wawili," akasema.

"Naam."

"Mmoja mzima na mmoja mdogo. Ukoo mmoja, ukiangalia umbo la kichwa cha muundi. Wewe ulijuaje?"

"Miguu elfu kumi na tano na mia nne."

Akadhani natania. Nikachukua chaki nikamwandikia ukutani: ng'ombe wawili kwa wiki, mbuzi watano, jumla miguu ishirini na minane, mara wiki hamsini, mara miaka kumi na mmoja. Yote imepita mikononi mwangu, kwenye gogo lako. Aliikagua hesabu ile kama anasahihisha mtihani.

"Mwaka una wiki hamsini na mbili," akasema.

"Wiki mbili Mjomba alikuwa anafunga apake chokaa."

Hakuniomba radhi. Kesho yake asubuhi nilikuta kiti mezani kwangu, chenye mgongo. Miaka sita nimechora nikiwa nimekalia sanduku. Nimekipokea kama kilivyo.

Mkurugenzi naye alifurahi kupita kiasi. Alikuja mbio na kamusi yote ya furaha. "Wawili! Mkubwa na mdogo! Basi chora mama na mtoto, mtoto amejibana ubavuni, watu watalia!"

Nikamwambia sichori. Akauliza kwa nini. Nikasema mapete hayaonyeshi jike au dume, na hatua sitini na mbili si ubavuni. Huenda hawakuwahi kuonana, huenda waliachana miaka elfu. Akamgeukia Daktari apate msaada, na Daktari, nakuapia Mjomba, akasema, "Msikilize mchoraji." Neno lilelile, lakini safari hii likaingia kwenye kiungo chake.

Tukaafikiana hivi. Vipande yuko mbele, ukubwa wake halisi. Mifupa yake minane imepakwa kivuli cheusi ndani ya mwili ili mtu aone tunachokijua, na mengine yote yana rangi hafifu. Muundi wake nimeuazima kwa ndugu zake na nimeuandika kuwa wa kuazima. Sasa anasimama sawasawa, mita moja na arobaini na nane, na paja linaingia kwenye muundi kama mlango kwenye fremu yake. Mdogo nimemweka kule mwisho wa ukuta, mbali, kwa umbali ule ule wa hatua sitini na mbili. Nilipiga hesabu: mtu akisimama hatua kumi na nne toka ukutani, mdogo anapaswa kuonekana wa sentimita sabini na nane. Ndivyo alivyo. Mwili mzima hafifu, na ndani ya mguu mmoja mfupa mmoja mweusi.

Nilimaliza rangi ya mwisho asubuhi ya ufunguzi, mikono yangu haijakauka. Jina langu liko pembeni chini, herufi za sentimita nne. Nilipaka mwenyewe, kama nilivyopaka kibao cha bucha yako, kile cha ng'ombe mwenye mistari ya vipande. Huo ndio ulikuwa mchoro wangu wa kwanza, na hukuusifu. Ulisema tu, "Goti limekaa." Halafu siku nilipoondoka kwenda kutafuta kazi ya vibao hukuniaga, na kisu changu ukampa mwingine kabla sijafika barabarani. Hilo nalo nilitaka kulisema. Nimelisema.

Wageni walipoanza kuingia, Mkurugenzi alinivuta kando, bado ana kinyongo cha machozi aliyonyimwa.

"Haya, yule mdogo wakiniuliza ni nani wake, niwaambie nini? Si lazima awe na uhusiano?"

"Waambie ukoo mmoja."

"Ukoo mmoja, basi? Mtoto wake, au siyo?"

Nikamwangalia yule mdogo kule nyuma, peke yake, ana mguu mmoja tu wa uhakika, anafuata njia ileile.

"Huenda ni mpwa," nikasema.

Akacheka akaenda zake. Ndivyo anavyowaambia watu sasa, nimemsikia mara tatu.

Kwa hiyo Mjomba, mifupa ni ile ile tisa. Tulianza na mnyama mmoja, tumemaliza na wawili, mmoja wa mifupa minane na mmoja wa mfupa mmoja. Najua utasema supu imezidi kuwa nyepesi. Sema. Lakini njoo uitazame kwanza. Ukumbi hauna ngazi, nimekagua, na nitakuwekea kile kiti chenye mgongo hatua kumi na nne toka ukutani. Utazame goti kabla hujasoma maandishi. Kama lina kosa, niambie palepale mbele ya Daktari, nitalifuta. Kama halina, usiniambie mimi. Mwandikie Dada. Atasoma mezani, na umwagize asome mara mbili.

Ndani ya bahasha nimeweka mchoro mdogo wa mguu wenye vipimo vyote. Usimwachie mtu ashike na mikono yenye mafuta.

Mpe salamu Mkaza-mjomba, na umwambie shuka alilonipa bado linatumika, sasa linafunika ukucha. Msalimie binamu mwenye bucha, akuache ukae. Msalimie Kifupi, ambaye nasikia amenipita urefu. Pacha wote wawili nao, kila mmoja salamu yake, wasije wakagombana. Dada anakusalimu, na Shemeji pia, ingawa hastahili kubebewa salamu na mimi.

Mungu akulindie goti la kushoto mpaka nilione tena likipanda kizingiti cha mlango huu.

Nikupendaye hata nikiwa nimenuna, na leo nimenuna nusu tu,

Mpwa wako.